Fundi Amekataa

Kamati ya Ujenzi na Uchukuzi ilipitisha watu arobaini wa kuvuta kamba. Oswald Theodory, fundi wa lori la kijiji, aliomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba fundi amekataa.

Katibu alisimamisha kalamu akamtazama mwenyekiti wa kamati, Mama Hildegarda, kana kwamba ameambiwa aandike tusi. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mwaka 1976. Pamba ya kijiji ilikuwa imejaa ghalani mpaka kwenye kenchi, mvua za vuli hazikuwa mbali, na lori pekee la kuipeleka Kilosa lilikuwa limelala mbele ya karakana tangu wiki iliyotangulia, baada ya injini kuanza kugonga kama mchi kwenye kinu kikavu. Oswald alikuwa ameshaifungua kwa chini na kukuta beringi zimelika. Hazibadilishwi bila kuitoa injini yote. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya namna ya kuitoa.

Njia iliyozoeleka ilijulikana na kila mtu. Kamba nene ya katani hupitishwa kwenye kapi lililofungwa juu ya boriti. Ncha moja hufungwa kwenye mzigo, ncha ya pili hushikwa na watu wengi kadiri wanavyopatikana. Mwimbishaji huanzisha, wengine huitikia, na kila kiitikio ni mvuto mmoja. Ndivyo walivyopandisha kenchi za shule na tangi la maji la zahanati. Mwimbishaji wao alikuwa Mathayo, mkata mkonge wa zamani, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya reli. Siku hiyo aliieleza kamati, bila dalili ya mzaha, kwamba chuma kikisikia watu wanaimba hupungua uzito. Wajumbe walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kukubali.

Oswald hakucheka. Alisema kwamba kwa mujibu wa kitabu alichonacho, injini ile ina kilo mia nne na themanini bila giaboksi, na kilo hizo hazipungui kwa nyimbo wala haziongezeki kwa ukimya. Ataitoa peke yake, kwa chombo atakachokwenda kukichagua mwenyewe, na siku hiyo hataki mtu mwingine karibu na mzigo.

Neno lililowachoma lilikuwa hilo la peke yake. Katika miaka ile ya ujamaa mtu aliweza kusamehewa uvivu, hata ulevi, kwa urahisi zaidi kuliko kusamehewa neno hilo. Mjumbe mmoja aliuliza kama fundi anajua anaishi katika kijiji cha namna gani. Mwingine, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa isikike, alisema hao ndio watoto wa watu wa reli: baba zao walikuja na masanduku, nao wataondoka na masanduku. Baba yake Oswald alikuja kutoka Tabora kutengeneza vichwa vya treni, akazikwa Kilosa. Oswald hakujibu, kwa kuwa jambo hilo halikuhusu uzito wa injini.

Mama Hildegarda aliwaacha wamalize. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa upande wa Kidodi, aliyesimamia ujenzi wa zahanati bila kupotea hata bati moja. Hakuwa na desturi ya kupandisha sauti.

"Ndugu Oswald," alisema, "Msowero, mwaka sabini na mbili, fundi alikuwa nani?"

"Mimi, Mama."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka ule walikwenda kuwasaidia watu wa Msowero kutoa injini ya trekta. Kamba ilikatika injini ikiwa usawa wa kifua. Danieli, mdogo wake Hildegarda, alikuwa ameinama kuangalia bolti iliyong'ang'ania. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti siku ya tatu.

"Walipungua wawili," Hildegarda aliendelea. "Walikuwa wamekwenda mazishini. Wangekuwepo, mdogo wangu leo angekuwa na miguu miwili. Ndiyo sababu sitaki ishirini wala thelathini. Nataka arobaini."

"Walikuwa ishirini na wawili," Oswald alisema. "Mzigo ule ulihitaji kumi na wanane. Watu walitosha, Mama, walizidi. Ila kamba haina breki. Mwimbishaji akivuta pumzi kubadili ubeti, mikono inalegea na mzigo unashuka. Wakiitikia, wanaudaka kwa mshtuko. Mshtuko mmoja ni kama mizigo miwili. Ukileta arobaini, unaleta mshtuko wa watu arobaini."

Kisha Hildegarda akauliza swali ambalo Oswald alikuwa amelisubiri kwa miaka minne.

"Hesabu hiyo ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukaisema?"

"Sikuisema. Niliona aibu kuwakatalia watu waliokuja kunisaidia. Leo nakataa, na naomba iandikwe."

Ikaandikwa. Lakini Hildegarda aliongeza masharti yake chini ya maneno hayo. Fundi amepewa mpaka Jumamosi, saa sita mchana. Saa sita ikifika injini ikiwa bado ndani ya lori, atakabidhi ufunguo wa karakana mbele ya watu wote na kwenda kulima na wenzake, na kamba itafanya kazi yake. Watu arobaini wataitwa kama ilivyopitishwa. Watasubiri wakiwa wamesimama, kamba mkononi.

Jumanne Oswald alipima. Alipima kimo cha lori, urefu wa boneti, na umbali ambao giaboksi ingepaswa kurudishwa nyuma ili shafti yake ichomoke kwenye injini. Alitaka chombo kinachotimiza mambo matatu: kibebe mzigo mara mbili ya ule uliopo, mtu mmoja aweze kukivuta, na mtu huyo akiondoa mikono mzigo usisogee. Hilo la tatu ndilo lililokuwa kubwa. Jeki ililitimiza, lakini jeki husukuma kutoka chini, na chini ya injini ya lori kuna ekseli. Gari la kuvutia malori yaliyoanguka barabara kuu lilikuwepo Mikumi, lenye mkono wa chuma, na lingefanya kazi hiyo kwa nusu saa. Alikwenda kwa baiskeli kuuliza. Liliazimwa kwa kibali cha wilaya, na kibali kilichukua wiki mbili. Alimshukuru aliyemweleza, akageuza baiskeli.

Jumatano alipanda treni Mikumi, akashuka Kilosa.

Nyuma ya stesheni aliishi mzee Lazaro, fundi mstaafu aliyefanya kazi benchi moja na marehemu Theodory, baba yake Oswald. Banda lake lilijaa vyombo kutoka mashamba ya mkonge yaliyofungwa, na aliviazima kwa aliyemwamini, kwa sharti kwamba virudi vimepakwa grisi. Oswald alimwamkia shikamoo. Mzee aliitika marahaba, akamtazama juu mpaka chini, akauliza kama huko vijijini wanakula au wanahutubiana tu.

"Vyote viwili, mzee. Nimekuja kutafuta cha kunyanyulia injini."

"Huna watu?"

"Ninao arobaini. Ndiyo maana nimekuja."

Lazaro alicheka mpaka akakohoa. Akamtolea vyombo vitatu.

Cha kwanza kilikuwa winchi ya mkono yenye kamba ya waya. Oswald alivaa kipande cha gunia kiganjani akaipitisha waya polepole. Katika urefu wa shibiri moja alihesabu nyuzi kumi na moja zilizokatika. Akaiweka pembeni. Mzee alisema winchi hiyo ilishavuta behewa. Oswald alijibu kwamba haamini kuwa itavuta la pili.

Cha pili kilikuwa kizuri kukitazama: kapi la mnyororo, lile ambalo mafundi huita cheni bloku, la tani mbili, limepakwa rangi nyekundu isiyo na mkwaruzo. Lazaro alilisukuma mbele kwa mguu kama mtu anayetoa sahani ya nyama. Oswald hakutazama rangi. Alitazama kulabu. Alikata kipande cha waya sawasawa na upana wa mdomo wa kulabu ya juu, akakijaribu kwenye kulabu ya chini, ambayo kwa kawaida ya kapi la aina hiyo hulingana na ya juu. Waya ulipwaya kwa upana wa kidole kizima. Kulabu hufunguka kwa sababu moja tu: imewahi kubebeshwa zaidi ya uwezo wake. Iliyowahi kufunguka hufunguka tena, na haitoi taarifa.

"Nani alilipaka rangi?" aliuliza.

"Lilikuja hivyo."

"Basi aliyelipaka alikuwa anajua, mzee."

Cha tatu kilikuwa chini ya magunia. Kapi la mnyororo la tani moja, dogo, jeusi kwa grisi ya zamani, mnyororo wake una kutu ya juujuu. Alikata kipande kingine cha waya kwa kulabu yake ya juu, na ya chini ikakipokea bila kupwaya. Oswald alipovuta mnyororo wa mkono, kitu kililia ndani yake, tik, tik, tik, kwa mpangilio usiokosea. Lazaro aliomba radhi kwa kelele hiyo. Oswald alimwambia kelele ile ndiyo aliyoifuata kutoka Mikumi: ni kijino cha breki kinachodumbukia kwenye meno ya gurudumu, na kila mlio unamaanisha kwamba mzigo umezuiwa usirudi.

Hata hivyo hakuchukua neno la kapi bila kulijaribu. Uwanjani palikuwa na magurudumu mawili ya behewa kwenye ekseli yake, yamepigwa mhuri wa uzito kwa vipimo vya zamani vya Kiingereza. Alivigeuza kichwani akapata kilo mia nane na kumi na tatu. Walilifunga kapi kwenye fremu ya reli, Oswald akayanyanyua magurudumu peke yake, kwa mikono miwili, mzee akiwa amekaa kwenye kigoda. Yalipofika usawa wa goti alichukua chaki, akachora alama kwenye pingili ya mnyororo pale unapotokea kwenye kapi, akaja kukaa. Waliongea habari za Theodory kwa robo saa. Alipoinuka, chaki ilikuwa palepale.

"Baba yako naye hakuwa mtu wa kuamini," Lazaro alisema, na hakusema kama hiyo ni sifa au lawama.

Alhamisi na Ijumaa Oswald alifanya kazi nje ya karakana bila kuzungumza na wapitaji. Alifungua boneti na rejeta, akafungua bolti zote za injini, akaegemeza giaboksi juu ya gogo na kuirudisha nyuma mpaka ikaachana na injini. Kisha alisimamisha mabomba matatu ya chuma aliyoyapata kwenye magofu ya kiwanda cha mkonge, akayaunganisha kileleni, akayafunga mnyororo miguuni yasiteleze. Chini ya kila mguu aliweka ubao. Mwishowe alichota majivu jikoni, akamwaga mstari kuzunguka lori na mabomba, mahali ambapo injini ingedondoka bila kumfikia mtu.

Jumamosi saa mbili asubuhi watu arobaini walikuwepo. Walikuwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimuliwa. Kamba ya katani ilikuwa begani kwa Mathayo, imeviringwa kama nyoka aliyeshiba. Hildegarda alikuja na kiti chake, na mdogo wake Danieli akaja nyuma yake kwa magongo. Oswald alimwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu, kwa kuwa hakuna ugomvi unaomzuia mtu kuitika. "Ufunguo unao?"

"Upo mfukoni."

"Usiupoteze."

Watu walicheka. Oswald aliwaeleza sheria ya siku hiyo kwa sentensi moja: ndani ya majivu ni mtu mmoja. Kisha akaingia, akashika mnyororo.

Kwa waliozoea kamba, yale hayakufanana na kunyanyua. Hakuna aliyetunisha msuli. Mtu alivuta mnyororo kama anavuta ndoo ya maji kisimani, mkono huu, mkono ule, na kapi likahesabu tik, tik, tik. Ili injini ipande shibiri moja, ilibidi mnyororo uvutwe mita tisa, na mita tisa za kimya ni ndefu kwa watu waliokuja kuimba. Mathayo alijaribu kuanzisha wimbo ili kumsaidia, akagundua kwamba hakuna mahali pa kuitikia, akanyamaza. Mtu wa nyuma aliuliza kama fundi ananyanyua injini au anasali rozari.

Injini ilitoka kwenye vikalio vyake. Ilipokuwa shibiri moja juu, Oswald alichora chaki kwenye mnyororo, akaachia mikono, akatoka nje ya majivu. Alichukua mfuko wake, akaketi juu ya jiwe karibu na watu, akatoa viazi vitamu na chupa ya chai.

Hapo ndipo watu walipokasirika kweli. Kwa desturi yao, mzigo ukishaondoka chini haupumzikiwi. Mtu hakojoi, hajikuni, mpaka utue. Kuuacha hewani na kwenda kula kulionekana kwao kama kuacha mtoto kisimani.

"Fundi," Mathayo alisema, "injini yako."

"Ipo."

"Nani ameishika?"

"Hakuna."

Alimega kiazi. Alikula kwa mwendo wa mtu mwenye meno mazuri na siku nzima mbele yake. Mjumbe aliyesema habari za masanduku alidai kwamba hiyo ni dharau kwa kijiji. Oswald alimjibu kwamba ni jaribio la breki, na kwamba jaribio linahitaji dakika kumi, na yeye hajanywa chai. Hildegarda aliinuka kitini. Alitembea mpaka kwenye majivu, akasimama vidole vya miguu vikiugusa mstari bila kuupita, akaitazama ile alama ya chaki. Alisimama hapo dakika zote zilizobaki. Alama haikusogea. Alirudi kitini.

Kosa la siku hiyo lilikuwa la Oswald mwenyewe. Ubao wa mguu wa tatu ulikuwa umewekwa mahali alipokuwa akiosha vyuma msimu mzima. Juu palikuwa pamekauka, naye aliamini alichokiona. Hakuchimba kuangalia chini. Aliporudi kwenye mnyororo na kuipandisha injini shibiri ya pili, ubao ulipasuka na mguu ule ukazama vidole vinne. Kilele kikainama. Injini ikabembea, ikagonga madigadi ya lori kwa sauti iliyosikika mpaka ghalani.

Watu wakaruka. Wapo waliokwisha kuukanyaga mstari, na Mathayo aliyekuwa mbele yao alikuwa tayari amenyoosha mikono miwili chini ya injini ili aizuie isibembee. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Danieli naye, mwaka ule, aliinama kwa nia njema.

"Mikono yako, Mathayo," Oswald alisema.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameshaachia mnyororo, amesimama wima, mikono yake yote miwili ikionekana. Alisema kwamba mtu yeyote akiwa ndani ya majivu, yeye hataigusa injini. Itabaki hapo ilipo mpaka saa sita ipite, mpaka vuli inyeshe, na ufunguo wauchukue. Injini iliendelea kubembea, kila safari fupi kuliko iliyotangulia, na hakuna kitu kilichoishika isipokuwa mnyororo. Mathayo aliitazama, akaitazama mikono yake, akairudisha. Watu walirudi nyuma ya mstari mmoja mmoja.

Ilipotulia, Oswald aliukagua mguu uliozama. Ulikuwa umefika kwenye udongo mgumu na kugota. Alichukua upande wa pili wa mnyororo wa mkono akaanza kuvuta. Injini ikashuka. Ilishuka taratibu kama ilivyopanda, kidole baada ya kidole, mpaka ikakalia vikalio vyake ndani ya lori, mahali ilipokuwa asubuhi.

Hildegarda alikuwa amesimama tena.

"Inarudi?" aliuliza.

"Inarudi, Mama."

"Ukiwa umekosea, unaweza kuirudisha ukaanza upya."

"Hata mara kumi."

Alikaa. Aliikunja khanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Siku ile," alisema, na haikueleweka anamwambia nani, "waliponiita nilikuta bado wameishika kamba iliyokatika. Wote ishirini na wawili. Hawakujua waipeleke wapi."

Oswald alichimbua udongo laini, akaleta taruma, gogo la kulazia reli, akalilaza chini ya mguu wa tatu, akaligonga kwa nyundo nzito mpaka likatoa sauti ya kitu kilichokaa. Safari hii alichimba na chini ya ile miwili mingine, ingawa ilikuwa mizima. Saa nne na nusu alianza upya. Mjumbe wa masanduku alikumbusha kwa sauti kwamba saa sita ni saa sita. Oswald alikubaliana naye.

Injini ilipopita juu ya chuma cha mbele, alikwenda kwenye gurudumu la lori na mtaimbo. Alichomeka ncha chini ya tairi, akabonyeza, lori tupu likarudi nyuma upana wa kiganja. Akaweka jiwe. Akabonyeza tena. Mita moja na nusu ilimchukua dakika arobaini na jasho la shati zima. Hapo ndipo sauti moja ilipotoka nyuma ya mstari kumpa pole, na ilikuwa ya Mathayo. Lori lilipomaliza kutoka, injini ilibaki ikining'inia peke yake katikati ya mabomba matatu, na chini yake ardhi tupu. Jua lilikuwa halijafika utosini. Oswald alilaza mataruma mawili sambamba, akairudisha injini chini mpaka ikabaki shibiri moja juu yake. Akasimama kufuta jasho.

Alipogeuka, Danieli alikuwa amesimama kwenye majivu, gongo moja ndani, gongo moja nje.

"Toka hapo," Hildegarda alimwambia. "Danieli. Rudi."

"Dada, nimesimama nyuma ya watu miaka minne."

"Ndani ni mtu mmoja. Mwenyewe amesema."

"Basi atoke yeye," Danieli alisema. "Katika kijiji hiki ni mimi tu ninayeujua uzito wa kitu hiki. Ninyi mnausoma kitabuni."

Watu walimtazama fundi. Oswald hakuwa mtu wa kuamua jambo kwa sababu limemgusa. Alitazama nafasi kati ya injini na mataruma. Aliupima umbali huo kwa kiganja, akakagua chaki, akakagua miguu mitatu. Shibiri moja juu ya mataruma mawili, na mtu aliyeketi pembeni mguu nje: hata mnyororo ukikatika, hapakuwa na kitu cha kuvunjika isipokuwa sampu, bakuli la mafuta chini ya injini, na sampu hubadilishwa. Alimchukulia Danieli kigoda, akakiweka alipotaka kikae, si karibu zaidi. Alimwonyesha upande wa kuvuta. Kisha akatoka nje ya mstari, akasimama kando ya kiti cha Hildegarda.

Danieli aliegemeza magongo kwenye bomba, akakaa, akashika mnyororo. Alivuta mara ya kwanza kwa woga, injini ikashuka kiasi cha unene wa shilingi. Akaacha. Haikuendelea. Aliitazama kwa muda, uso wake hausomeki, kisha akaachia mikono yote miwili na kuikunja kifuani, mzigo ukiwa hewani mbele yake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko jaribio lolote la breki linavyohitaji. Hakuna aliyemharakisha, hata mjumbe wa masanduku.

Alipokuwa tayari, aliishusha mpaka chini. Mataruma yalilia yakaupokea uzito, mnyororo ukalegea.

Mathayo aliishusha kamba begani. Alimwuliza Oswald, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa, kama siku ya kuirudisha injini watu wataruhusiwa angalau kuimba. Oswald alisema waimbe wanavyotaka, nyuma ya majivu.

Katibu alikuwa amefungua daftari. Alisoma alichokwisha kuandika: kwamba kwa juhudi za wanakijiji arobaini injini imetolewa salama kabla ya saa sita. Oswald alisema si kweli, walikuwa wawili, na mmoja wao alifanya shibiri ya mwisho tu. Katibu alimtazama mwenyekiti.

"Andika wawili," Hildegarda alisema. "Andika na majina yao."

"Na pale pa Jumatatu, Mama? Palipoandikwa kwamba fundi amekataa. Nipafute?"

Hildegarda alikuwa ameshainua kiti chake. Alimtazama mdogo wake, ambaye bado alikuwa ndani ya mstari, ameweka kiganja juu ya chuma.

"Usifute," alisema. Kisha akaondoka bila kuuliza habari za ufunguo.